Namna ya Kuongoza Sayansi na Soko Bila Kusumbuliwa na Ukweli

Mwongozo wa vitendo kwa mheshimiwa mteule

Mheshimiwa, hongera kwa uteuzi. Umeapa, umepigwa picha, na kesho dereva atakufuata alfajiri. Kabla hujaingia ofisini, fahamu kwamba katika eneo lako la kazi kuna watu wa aina tatu watakaokukosesha usingizi: mtafiti, mbunifu na mchuuzi. Hawa si wezi, na wengi wao hata siasa hawaijui. Tatizo lao ni umbea. Mtafiti analeta matokeo ambayo hakutumwa kuyaleta. Mbunifu analeta kitu ambacho hakina fomu. Mchuuzi analeta bei. Kila mmoja kwa njia yake anakwambia mambo yalivyo, na ofisi yako haikujengwa ili isikilize mambo yalivyo. Ilijengwa ili iyatolee maelekezo.

Mwongozo huu umekusanywa kutoka kwa waliotangulia, wa hapa Afrika Mashariki na wachache wa ng'ambo. Hakuna hatua hata moja ambayo haijajaribiwa, na nyingine zimejaribiwa kwa fedha nyingi sana.

Mahitaji

Mhuri mmoja wa duara na kidau cha wino. Kamati yenye jina refu. Neno "mchakato". Maji ya chupa ya kutosha kikao cha siku tatu. Wadau, watakaopewa mwaliko siku moja kabla ya mkutano. Na sheria yenye kifungu kinachosema "na jambo lingine lolote kadiri Waziri atakavyoona inafaa".

Hatua ya 1: Anza na ukubwa

Epuka majaribio madogo. Shamba la ekari moja likikataa kuota, kila mpita njia anaona na kijiji kizima kinajua kufikia jioni. Shamba la ekari milioni tatu halina mtu wa kuliona lote.

Walimu wako hapa ni serikali ya Uingereza. Mwaka 1946 Waingereza walikuwa wamepungukiwa mafuta ya kula baada ya vita. Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, akaja na wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mitambo, akaongeza kwamba kazi hiyo ni kubwa mno kwa kampuni binafsi, bora ishikwe na serikali. Zingatia hapo, mheshimiwa: mfanyabiashara akikuletea wazo zuri ambalo hataki kuliwekea senti yake, lipokee kwa mikono miwili. Timu ya wataalamu ikiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ilizunguka nchi kwa takriban wiki tisa, ikarudi na pendekezo la kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaupigania mpango huo, na bajeti ikakaribia pauni milioni 25.

Kazi ilianza Kongwa, Ugogo. Mgogo yeyote angewaeleza habari za mvua ya Kongwa, lakini Mgogo hakuwa kwenye kamati. Matrekta yaliyobaki vitani yakaletwa, yakavunjikia kwenye mizizi ya vichaka. Vifaru vya Sherman vikabadilishwa kuwa matrekta. Kisha ikadhihirika kwamba karanga hukomaa chini ya ardhi, na ardhi ya Kongwa ina mfinyanzi ambao kiangazi kikiingia unakauka na kushika kabisa. Karanga zilikuwepo humo. Kuzitoa ndiyo ikawa shughuli. Mpango ulizikwa Januari 1951 na takriban pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu. Karanga zilizovunwa zilikuwa pungufu ya zile zilizonunuliwa kwa ajili ya mbegu.

Jifunze kutokana na jambo moja hasa: mkulima wa kawaida angeacha baada ya msimu wa kwanza, kwa sababu angekuwa ameishiwa. Fedha ya umma ndiyo pekee inayomwezesha mtu kukosea misimu mitatu mfululizo akiwa na moyo mkunjufu.

Hatua ya 2: Kibali kitangulie wazo

Mbunifu akija na kitu kipya, usimuulize kinafanya nini. Muulize kibali kiko wapi. Atasema kibali hakipo kwa sababu kitu chenyewe hakikuwepo. Hapo umemshika.

Tanzania ilifanya vizuri zaidi: ilikizuia kitu chenyewe kisiingie. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na televisheni nazo zikaingia kwenye marufuku hiyo hiyo. Dar es Salaam ilisubiri hadi 1994 kupata kituo chake cha kwanza cha televisheni. Ng'ambo ya mkondo, Zanzibar, ndani ya Jamhuri hiyo hiyo, watu walikuwa wakitazama televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Taarifa kwamba anga haikuporomoka Unguja haikuwahi kupelekwa kwa maandishi, kwa hiyo haikufanyiwa kazi.

Siku hizi marufuku kamili inaleta maneno, hivyo tumia ada. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu Tanzania alipe shilingi 100,000 za maombi, kisha milioni moja ya leseni, kisha milioni moja nyingine kila mwaka. Kijana aliyetaka kuandika habari za mpira wa mtaani kwao alijikuta akihitaji mtaji wa kufungulia duka la vipuri ili aseme Ndanda FC walicheza vibaya.

Hatua ya 3: Piga marufuku kwanza, soma baadaye

Septemba 2012 ilichapishwa makala ya Mfaransa Gilles-Éric Séralini, yenye picha za panya waliolishwa mahindi yaliyobadilishwa vinasaba wakaota uvimbe. Picha zilitisha. Novemba mwaka huo huo Baraza la Mawaziri la Kenya likapiga marufuku uingizaji wa vyakula vya namna hiyo. Kenya ilikuwa na mamlaka ya usalama wa viumbe iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009, yenye wataalamu na ofisi, kazi yake ikiwa kupima maswali kama hayo moja moja. Lakini kuuliza wataalamu huchukua muda, na picha ya panya iko mkononi.

Novemba 2013, mwaka mmoja baadaye, jarida lililochapisha makala ile liliiondoa. Marufuku iliondolewa Oktoba 2022. Hesabu mwenyewe: sayansi ilihitaji mwaka mmoja kujirudi, serikali ilihitaji miaka kumi. Na ilipojirudi, wananchi walikwishazoea kuogopa, wakaenda mahakamani kudai irudishwe. Hayo ndiyo matunda ya hatua hii ikifuatwa vizuri. Hofu uliyoipanda inaota yenyewe bila mbolea, na siku ukitaka kuing'oa watu watakuuliza ulikuwa unadanganya wakati ule au unadanganya sasa.

Hatua ya 4: Gundua mwenyewe

Kuzuia uvumbuzi wa wengine kunaweza kukupa sifa ya ukali. Ili uitwe mwenye maono, vumbua.

Nairobi wametuachia mifano miwili. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kikenya. Wahandisi wakakesha, na kwa haki ya Mungu wakalitengeneza: magari matano ya majaribio, Nyayo Pioneer, yenye uwezo wa kukimbia kilomita 120 kwa saa. Mwaka 1990 yakazinduliwa kwa shangwe. Hayakufika dukani. Kila mtu aliyehitajika alikuwepo kwenye uzinduzi, isipokuwa mnunuzi, na yeye hakuwa ameulizwa tangu 1986.

Mwaka huo huo wa 1990 ilitangazwa KEMRON, dawa ya Ukimwi iliyotoka Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya. Tangazo lilitolewa na Rais mwenyewe. Majaribio yaliyofanywa baadaye, yakiwemo ya Uganda, hayakuona faida yake. Katika sayansi ya kawaida dawa hujaribiwa, kisha hutangazwa. Ukigeuza mpangilio huo, anayesema dawa haifanyi kazi hapingani tena na kidonge, anapingana na Ikulu, na watu wa kupingana na Ikulu mwaka 1990 unaweza kuwahesabu.

Hatua ya 5: Ipe bei amri

Bei ni mmbea mkubwa kuliko wote. Chukua korosho za Mtwara na Lindi. Hadi miaka michache iliyopita mkulima alikuwa akipeleka mzigo chama cha msingi, unaingia ghalani kwa stakabadhi, wanunuzi wanaandika bei zao kwenye karatasi, sanduku linafunguliwa mbele ya wakulima. Msimu wa 2017/18 karatasi zilileta habari njema, zaidi ya shilingi 4,000 kwa kilo. Oktoba 2018 zilipofunguliwa, nyingi zilikuwa chini ya 3,000, na wakulima wakagoma kuuza. Karatasi zile zilikuwa zikisema kwamba huko India na Vietnam, zinakobanguliwa korosho zetu nyingi, soko limepoa.

Kiongozi asiye na mwongozo angeuliza tufanye nini ili tubangue wenyewe, au angemwacha mkulima achague kuuza leo au kusubiri. Wewe tuma jeshi. Novemba 2018 waziri wa kilimo na waziri wa biashara wakapoteza kazi, serikali ikatangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakateremka kusini. Mkulima alishangilia, na alikuwa na haki: bei ilikuwa nzuri. Kisha ukaja uhakiki. Kila mwenye mzigo athibitishe shamba lake, ili watu wa kangomba, wale wanaomkopesha mkulima wakati wa njaa na kudai korosho kwa bei ya kutupa, wasilipwe. Uhakiki ukala wiki, wiki zikala miezi, na mwenye ada ya shule ya mtoto akabaki ameshika stakabadhi. Januari 2019 ukasainiwa mkataba wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000, nao haukufika popote.

Bei iliamriwa, ikatii. Aliyekataa kutii ni mnunuzi wa Vietnam, ambaye kwa bahati mbaya hayumo kwenye gwaride letu. Nalo swali la kwa nini kangomba yupo, yaani nani mwingine anamkopesha mkulima mwezi wa tano, liliachwa kwa ajili ya kamati zijazo.

Hatua ya 6: Mteue mwanasayansi mtiifu

Wasomi wako wa aina nyingi, na lazima yuko mmoja anayeamini unachotaka kuamini. Mtafute, mpe taasisi.

Stalin alimpata Trofim Lysenko, aliyeahidi mavuno makubwa kwa haraka na kudai kwamba elimu ya vinasaba ni uzushi wa mabepari. Aliyempinga alikuwa na sifa zote mbaya: Nikolai Vavilov alizunguka dunia akikusanya mbegu, alikuwa na hazina kubwa ya mbegu Leningrad, na alitaka kila dai lijaribiwe. Vavilov alikamatwa 1940, akafia gerezani Saratov 1943. Mwaka 1948 elimu ya vinasaba ikapigwa marufuku rasmi katika Umoja wa Kisovieti. Lysenko alikaa juu hadi miaka ya 1960, akiwa hana mtu wa kumbishia. Ngano ndiyo iliyoendelea kumbishia kila msimu, lakini ngano haifukuzwi kazi.

Hatua ya 7: Hesabu ziwe na mwenyewe

Ukishafika hapa, kuna mwanya mmoja tu umebaki: mtu anaweza kuhesabu. Anaweza kusimama kando ya barabara akahesabu malori, au makaburi. Mwaka 2018 Bunge la Tanzania liliirekebisha Sheria ya Takwimu, likafanya kuwa kosa la jinai kusambaza takwimu zinazopingana na zile rasmi. Mwaka uliofuata kifungu kikalegezwa baada ya kelele, lakini wazo lenyewe lilikuwa la kupendeza: kama kuna hesabu moja tu, haiwezi kuwa na kosa.

Somo la juu zaidi ni la Mei 2020. Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara ya taifa zikiwa na majina ya binadamu, na nyingine zikarudi na majibu ya kuwa na virusi vya korona. Hapa msomaji mvivu hucheka na kukosa somo. Kuipima maabara kwa sampuli za siri ni sayansi safi. Maabara nzuri hupimwa hivyo hivyo. Mtafiti akipata jibu kama lile hurudia kipimo mbele ya mashahidi, hutafuta kama tatizo ni kitendanishi, mashine au mikono, kisha huandika kila kitu ili mwingine aje amkosoe. Mheshimiwa usithubutu. Mkuu wa maabara alisimamishwa kazi, na takwimu zikabaki pale pale zilipokuwa mwanzoni mwa Mei, wagonjwa 509 na vifo 21, hadi katikati ya 2021. Muda wote huo mgonjwa wa 510 hakuugua kiserikali.

Hatua ya 8: Kilichokuponyoka, kitoze

Kuna vitu vitakua ukiwa semina elekezi. Ukirudi ukavikuta vimeshakuwa vikubwa, usivipige marufuku; wananchi watakasirika. Vikate polepole. Uganda ilianza Julai 2018 kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, na ghafla nchi nzima ikajua VPN, njia ya kuikwepa tozo hiyo, ni kitu gani, hata akina mama wa sokoni. Hakuna mpango wa elimu ya kompyuta uliowahi kusambaa kwa kasi ile. Tanzania ilileta tozo ya miamala ya simu Julai 2021. Miezi miwili baadaye ikapunguzwa kwa asilimia 30, baada ya watu kuanza kukumbuka kwamba fedha inaweza pia kutumwa kwa kondakta wa basi, ndani ya bahasha.

Onyo: kosa ambalo usilifanye kamwe

Liko kosa moja ambalo wasomi huwaonyesha wageni kwa fahari, nalo lilifanyika Benki Kuu ya Kenya.

Mradi uliohusika, wa fedha kwa simu, ulianza kama jaribio dogo mwaka 2005, kinyume kabisa na Hatua ya 1. Vodafone, ikisaidiwa na ruzuku ya serikali ya Uingereza, ilitaka kuona kama watu wanaweza kurejesha mikopo midogo kwa simu. Watu waliopewa simu wakafanya walilotaka: wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Mtaalamu wa kweli angewakemea na kuwarudisha kwenye malengo ya mradi. Safaricom wakawafuata wateja, na Machi 2007 M-Pesa ikaingia sokoni.

Sheria ya mifumo ya malipo haikuwepo. Kwa mujibu wa Hatua ya 2, hapo ndipo safari ilipaswa kuishia. Benki Kuu badala yake ikakagua mambo machache, kubwa likiwa kwamba fedha za wateja zikae benki kwenye akaunti ya amana, mbali na mikono ya kampuni, kisha ikaandika barua ya kutokuwa na pingamizi. Desemba 2008 mabenki yalipolalamika, na kaimu waziri wa fedha John Michuki akaagiza ukaguzi, ukaguzi ukafanyika. Januari 2009 jibu likatolewa hadharani: mfumo uko salama. Sheria yenyewe ilikuja 2011, wakati mama wa Kakamega alishapokea fedha za mwanawe wa Nairobi kwa miaka minne.

Ona uharibifu uliotokea. Ofisi ya umma iliuliza maswali, ikasubiri majibu, na majibu yalipokuja tofauti na malalamiko ya wakubwa, ikayakubali. Hakuna aliyekata utepe. Mfumo ule ungekwenda vibaya, benki kuu ingeuzima ukiwa bado mdogo, na hasara ingekuwa ndogo vilevile. Serikali ikizoea hali hiyo, itaishia kutumika.

Maswali yanayoulizwa na wateule wapya

*Kwani watafiti na wafanyabiashara hawakosei?* Hukosea kila siku, tena hadharani, ndiyo maana wanaonekana watu wa hovyo. Mchuuzi akikosea anafunga kibanda. Mtafiti akikosea anaumbuliwa na mtafiti mwenzake, ambaye huwa amesubiri nafasi hiyo kwa miaka. Wewe ukikosea unaunda tume, tume inaomba muda, na ripoti inatoka ukiwa wizara nyingine.

*Basi serikali isisimamie chochote?* Iko kazi halali ya usimamizi, lakini haina hadhi. Kuna kukagua mizani. Kuna kukamata dawa bandia. Kuna kumlinda mkulima wa viazi dhidi ya lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba, analouza kwa bei ya gunia moja huku ndani yake mna moja na nusu. Mkaguzi wa mizani hampangii mkulima alime nini wala mnunuzi alipe ngapi. Anahakikisha kilo ni kilo. Ni kazi ya jasho, haina kamera, na lumbesa bado zinapakiwa usiku. Waachie wengine.

*Nikishindwa?* Kwa mfumo huu huwezi kushindwa. Ukitaka kuhakikisha, fanya kipimo kifuatacho.

Kipimo cha kuhitimu

Ukimaliza mwaka mmoja ofisini, mwite mtumishi mwenye uzoefu kuliko wote, funga mlango, umuulize: "Ni agizo gani kati ya yale niliyotoa mwaka huu ambalo halikufanya kazi?"

Akikutajia moja, akakuonyesha tarakimu, na Jumatatu ukamkuta bado yuko mezani kwake, rudi Hatua ya 1, hujaelewa kitu. Akitabasamu, akajibu, "Yote yamefanikiwa, Mheshimiwa," umefaulu kwa daraja la kwanza. Kuanzia siku hiyo hakuna habari yoyote, mbaya au nzuri, itakayokufikia kabla haijaandikwa magazetini.